Kuizeesha Ndege ya Shemeji

Shemeji yangu alifanya kazi gudini, pale meli zinapotolewa majini kukwanguliwa na kupakwa rangi upya. Kutwa nzima alipambana na kutu. Akirudi nyumbani huoga, huswali alasiri, kisha huketi mbele ya dirisha la chumba cha chini na kuanza kutia kutu kwenye vindege vya plastiki visivyozidi urefu wa shibiri. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, alikuwa akisema mume wake amechezewa na mashetani ya bandarini: mchana anaondoa, jioni anarudisha.

Vindege vyenyewe vilikuja katika maboksi, zawadi za mabaharia waliojua udhaifu wake. Vyote vilikuwa vya vita vya zamani. Ukifungua boksi unakuta fremu za plastiki zenye vipande vilivyoshikana: bawa, gurudumu, kiti cha rubani kisichozidi ukucha. Unakata, unapiga msasa, unagandisha, unapaka rangi. Mtu mwingine angeishia hapo, akaiweka ndege kabatini, akaenda zake. Kwa shemeji hapo ndipo kazi ilipoanza. Ndege mpya inayong'aa hakuiamini.

"Hii haijaruka bado hii," alikuwa akisema. "Natuizeeshe."

Mimi nauza leso Biashara Street, katika duka nililorithi pamoja na binamu yangu. Mimi hushika asubuhi, yeye jioni. Kwa hiyo alasiri nilikuwa mtu huru, na kwa kuwa nyumbani kwangu hakuna anayenisubiri, nilikwenda kwa dada kunywa kahawa. Mwanzo nilikuwa nikimcheka shemeji. Nilimuuliza kama vindege vyake vinataga. Siku moja alinipa brashi, akanisogezea bawa, na tangu siku ile tukawa wajinga wawili.

Alinifundisha mengi, lakini yote yalisimama juu ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa swali. Nikitia doa, huinamisha miwani na kuuliza, "Hili limengiaje hapa?" Nikishindwa kueleza, doa lafutwa. Kwake yeye uchafu wa kweli una sababu. Rangi hubanduka pale rubani anapokanyaga akipanda. Moshi wa injini hulala nyuma, kufuata upepo. Mafuta humwagika karibu na kifuniko cha tangi, si ncha ya bawa. Alikuwa na vikopo vya dawa vilivyojaa vumbi, kila kimoja na kikaratasi chake: vumbi jekundu alilolikung'uta kwenye magurudumu ya malori ya bara pale Kibarani, unga mweupe wa ukuta unaomomonyoka nyuma ya nyumba yao, masizi ya jiko la mkaa aliyoyachekecha mara tatu.

Hakuwa malaika. Mwaka mmoja, katikati ya masika, alisikia kwa baharia kwamba ukinyunyiza chumvi kwenye ndege, ukapaka rangi juu yake, kisha ukaisugua chumvi ikatoka, rangi hubaki imebanduka vizuri kama ya kweli. Alisahau kwamba chumvi ya Mombasa wakati wa mvua haikai kavu hata ndani ya chupa. Asubuhi tulikuta ndege imesimama katika kidimbwi chake, rangi yote imekimbilia tumboni. Dada aliposikia alicheka hadi akakaa kwenye ngazi.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kuacha. Mimi sina subira, na mtu asiye na subira akishika brashi hajui kuiweka chini. Nikiona doa moja limependeza, nataka matatu. Hapo hunyoosha mkono akaninyang'anya brashi bila hata kunitazama.

"Yatosha," husema. "Sasa waharibu."

Nilikuwa nikikasirika kila mara. Niliwahi kuondoka bila kuaga, mtu mzima na mvi zangu, kwa sababu ya doa la mafuta. Kesho yake, kwenye mwanga wa dirisha, nikiitazama tena, naona alikuwa na haki. Hakukubali tupake rangi chini ya taa, akisema taa hudanganya. Adhana ya magharibi ikilia tunafunika kila kitu kwa kitambaa na kuondoka.

Dada hakuwa akiingia chumba kile. Alishusha kahawa hadi mlangoni, akatutupia neno moja la mzaha, akapanda. Chumba chake cha kulala kilikuwa juu yetu hasa, kati yetu na yeye dari ya boriti na mbao tu. Sikuwahi kufikiri juu ya dari ile. Nilijua tu kwamba huko juu ni kwake na huku chini ni kwetu, na Mungu hakuwa amewajaalia mtoto wa kukimbia katikati.

Kuna jambo moja lazima nilieleze sasa, maana baadaye ndilo lililonifunga. Shemeji aliporudi kutoka Umra alikuja na jiwe jeusi dogo, lenye kumetameta, limefungwa katika leso ya mkononi. Alasiri nyingi zilizofuata hakugusa ndege. Alikaa dirishani na kinu kidogo cha shaba, akalitwanga jiwe lile, akachekecha unga wake kwa kitambaa cha melimeli, akautwanga tena uliobaki. Nilimuuliza ni ndege gani hiyo inayohitaji masizi mengi namna ile. Alicheka tu, akainamisha uso. Nikasema moyoni, huyu amepata ujuzi mpya na hataki kunifundisha.

Alianguka msikitini akitawadha kwa swala ya alasiri. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda.

Siku tatu za matanga nilikaa barazani nikipokea mikono. Kila aliyekuja aliniambia nimtunze dada, nami niliitikia. Hapana aliyeniuliza mimi naendeleaje, na kwa kweli angeniuliza ningemjibu vibaya. Siku ya nne nilifungua duka. Wateja walitaka leso kama walivyozitaka wiki iliyopita, wakabishana nami juu ya rangi, nami nikabishana nao. Adhuhuri ile nilifunga mlango, nikatembea hadi Kizingo, ambako watu hupita na magari yao na hakuna wa kukusimamisha akakupa pole. Nilitembea chini ya miti yao mikubwa mpaka viatu vikaniuma, nikarudi.

Dada aliingia edani. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe zisizo mapambo, bila marashi, bila udi, bila wanja. Nitasema jambo ambalo litanichongea: nilimwonea wivu. Huzuni yake ilipewa nguo, ikapewa chumba, ikapewa na siku ya kumalizika. Mwanamume hana eda. Mimi nilipoteza mtu niliyekaa naye bega kwa bega kila alasiri kwa miaka, na ilitarajiwa kwamba kufikia Jumatatu nitakuwa nimeshapoa.

Shangazi yetu, ambaye ndiye msimamizi wa mambo yote ya kike katika ukoo wetu, aliingia chumbani kwa dada akakusanya kila kilichohusu kujipamba: chupa za marashi, chetezo, mikufu, kidau cha wanja. Alivipanga kwenye sinia na kuvishusha chumba cha chini, ili dada asivione akatamani. Akaliweka lile sinia juu ya meza ya shemeji, pembeni mwa brashi zake.

Nilikwenda kila siku. Mimi ni kakake, naweza kupanda na kuketi naye. Siku moja nilipokuwa nikitoka niliona dirisha la chini liko wazi, nikaingia kulifunga. Pale kwenye kiti cha shemeji lilikuwepo boksi ambalo alikuwa amelihifadhi muda mrefu, la ndege ya rangi ya mchanga iliyopigana jangwani. Alikuwa amelifungua bila kuniambia. Ndani yake, kati ya fremu zote ambazo hazijaguswa, kilikuwa kimekamilika kitu kimoja tu: kiti cha rubani, kimepakwa rangi ya ngozi kuukuu, na juu yake mikanda aliyoikata kwa karatasi, nyembamba hata nilishindwa kujua aliikata kwa kifaa gani. Nikakaa. Nikachukua msasa.

Kesho yake dada aliniuliza, "Jana ulikuwa huko chini?"

Nilidhani nimemuudhi, nikaanza kujieleza. Alinikatiza.

"Usiwate, kaka, endelea. Nikisikia msasa ule, nyumba hainitishi."

Basi hapo nikapata kazi. Niliamua ndege ile niimalize kabla ya siku atakayotoka edani, nimtie mkononi, nimwambie: hii ndiyo ya mwisho ya mumeo, tumeimaliza. Nia yangu ilikuwa njema. Naisema mapema kwa sababu mbele huko haitaonekana.

Mabawa yalishika. Kiwiliwili kilifunga vizuri juu ya kiti kile, na nilipokibana kwa kamba ili gundi ikauke nilihuzunika kwamba mikanda haitaonekana tena ila kwa kuchungulia. Nilipaka rangi ya mchanga, tabaka mbili nyembamba, kama alivyonifundisha. Nilibandua rangi kwa kipande cha sponji pale rubani anapokanyaga. Nilitia unga mweupe wa ukuta kwenye magurudumu. Kila doa nilijiuliza kwa sauti, "Hili limengiaje?" nikajijibu, nikaendelea. Kisha ikafika zamu ya moshi. Ndege ya namna ile hutoa moshi kwenye mabomba mafupi ya pande mbili za pua, nao huacha mchirizi mweusi mpaka karibu na bawa. Bila mchirizi huo ndege haijaruka. Nikafungua kikopo cha masizi, nikakikuta kitupu.

Nilijaribu masizi ya jikoni kwangu. Yalikuwa na chenga, yakaganda vidonge vidonge, ikabidi niyafute. Hapo nikageuza macho kwenye sinia la shangazi.

Sitajificha nyuma ya kutojua. Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale, akalelewa na mama na shangazi, hawezi kukiona kidau cha fedha chenye kijiti chake akasema hajui ni cha nini. Lakini nilipokifungua niliona unga ule ule uliotwangwa mbele yangu juu ya meza ile ile. Nikajiambia, kumbe masizi yake aliyahifadhi humu. Nikajiambia tena, na hata kama ni wanja wa dada, yeye yuko edani, hauhitaji. Ngazi ya kwenda juu ina vipandio kumi na viwili. Ningepanda nikauliza swali moja, angenijibu. Sikupanda, kwa sababu nilihofia jibu.

Wanja ule haukuwa na mfano. Niliuchanganya na tone la tapentaini, nikaugusisha kwenye mstari mmoja wa bawa kwa ncha ya brashi, nao ukakimbia wenyewe hadi mwisho wa mstari na kukaa pale. Ukiwa mkavu, nikiupiga kwa brashi laini, ulilala juu ya rangi ya mchanga kama moshi uliopita sasa hivi. Nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kufurahi tangu msiba, na nilijisikia nikiongea peke yangu, nikimwonyesha shemeji: tazama, tazama.

Zilipita wiki kadhaa. Alasiri moja tulikuwa tukinywa kahawa juu, dada amenyoosha miguu mkekani, akasema, "Wajua kitu cha kwanza nitakachofanya siku nikitoka? Nitatia wanja. Macho yangu yamekuwa kama ya mgonjwa."

"Utatia, inshallah," nikasema.

"Ule wangu. Aliniletea jiwe lake kutoka Madina, akanisagia mwenyewe huko chini. Alikuwa aona haya wewe usije ukajua. Wa dukani hunikwaruza, yeye ndiye aliyejua." Alizungusha kahawa kikombeni. "Ndio uliosalia. Kwengine kote kwenye nyumba hii hamna tena kitu cha mkono wake, ila vile vindege vyenu."

Niliomba sukari. Sijui kwa nini niliomba sukari; kahawa ile hatuitii sukari. Nikashuka, nikafungua kidau, nikakiinamisha kwenye mwanga. Ulikuwa umepungua zaidi ya nusu.

Siku mbili sikuingia chumba kile. Siku ya tatu dada aliniuliza mbona kimya, mbona hanisikii tena. Nikashuka ili anisikie. Ningeweza kupiga msasa kipande chochote cha mbao, naye angeridhika. Badala yake niliishika ndege, nikaona mchirizi wa kushoto ni hafifu kuliko wa kulia. Nikauongeza. Sasa wa kulia ukaonekana hafifu. Kesho yake niliona tumbo lake ni safi mno kwa ndege yenye moshi wa namna hiyo, nikatia na tumboni. Mkono wa kuninyang'anya brashi haukuwepo. Ndege iliyotoka jangwani ikawa ndege iliyotoka motoni, nami nilijua, kwa sababu niliacha kujiuliza lile swali lake. Lakini kila nilipochovya unga ule nilikuwa naye. Nilikuwa na hofu ya kumaliza, maana siku ile ndege itakapokuwa tayari sitakuwa na sababu ya kukaa kwenye kiti chake. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Nilitumia wanja wa dada yangu kuzuia alasiri zisiishe.

Siku moja kijiti kilitoka kwenye kidau bila kitu.

Sikutafuta ushauri wa mtu. Nilikwenda duka la vipodozi mtaa wa pili kutoka kwangu, nikanunua wanja wa unga, nikaujaza kidauni, nikakipangusa kwa kitambaa, nikakirudisha kwenye sinia pale pale kilipokuwa. Weusi ni weusi, nikajiambia. Kisha nikaipiga ndege vanishi isiyong'aa, mara tatu, nikiiacha ikauke kila mara, ili hata dada akiishika kwa jasho hakuna kitakachotoka. Kazi ile ya vanishi niliifanya vizuri sana. Shemeji mwenyewe asingepata la kusema.

Siku ya kutoka edani shangazi alifika tangu asubuhi. Zamani mjane alipelekwa pwani akaogeshwa. Siku hizi ni bafuni kwake, shangazi akimmiminia maji na kumsomea. Baada ya alasiri nyumba ilijaa wanawake. Harufu ya udi ilishuka ngazi, na sikujua kama nilikuwa nimeikosa hivyo. Shangazi aliingia kuchukua sinia, akaniona nimesimama karibu na meza, akaniambia nimekonda. Nikasikia sinia likipanda, vichupa vikigongana.

Nilingoja pale chini. Ndege nilikuwa nimeifunika kwa leso mpya, ya manjano, niliyoichagua dukani siku nzima. Huko juu walikuwa wakicheka. Niliitambua sauti ya dada katikati yao, na nikawaza kwamba pengine yote yamepita salama.

Kisha nikasikia hatua za mtu mmoja kwenye ngazi. Dada aliingia chumba kile ambacho hakuwa akiingia. Alikuwa amevaa nguo mpya, asumini kichwani, na jicho lake la kulia lilikuwa na wanja. La kushoto halikuwa na kitu. Mkononi alishika kidau.

"Kaka," akasema. "Wanja wangu u wapi?"

"Si huo kidauni?"

Uongo ule ulitoka kabla sijafikiri.

"Nimetia jicho moja." Lilikuwa limekuwa jekundu, linatoka machozi. "Huu wakwaruza."

Dada yangu ni mtu wa maneno makali. Tangu utotoni nimezoea kutukanwa naye na kusahau. Laiti angenipigia kelele siku ile ningejua pa kushika. Alisimama tu akiningoja, jicho moja likichuruzika, nami nikaifunua ndege.

Uso wake ulifunguka. Nakumbuka vizuri, kwa sababu haukukaa hivyo muda mrefu.

"Ni ile ya mchanga," akasema. "Ile ya jangwani." Aliichukua kwa viganja viwili, akachungulia kwenye kioo cha rubani. "Mikanda hii aliikata kwa mkasi wangu wa kucha."

Halafu akaigeuza, akauona weusi: pande zote mbili, chini ya mabawa, tumboni, kila mstari. Alitazama ndege, akatazama kidau, akanitazama. Alipitisha kidole juu ya mchirizi wa moshi, kisha akapitisha tena kwa nguvu, mpaka kidole kikawa cheupe kwa kukandamiza. Akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Hautoki," akasema.

"Nimeipiga vanishi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu kimoyomoyo. Kisha akaweka kidole katikati ya tumbo la ndege, pale palipozidi weusi, pale ambapo hata mimi nisingeweza kueleza.

"Na hili? Limengiaje hapa?"

Yalikuwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya upole. Nilikuwa nimeamini kwamba maneno hayo yalijulikana na watu wawili tu. Nilitazama dari ya boriti, nikaona aibu.

Huko juu walimwita. Aliiweka ndege mezani, akalowesha ncha ya leso yangu ya manjano kwenye kikombe cha maji, akalifuta jicho lake mpaka likawa sawa na lile jingine. Akapanda. Nilisikia mtu akiuliza mbona macho matupu, naye akajibu kwamba wanja umemchoma. Wakaona wekundu, wakadhani amemlilia mumewe. Nilimsikia shangazi akimwombea dua, na wote wakiitikia amin, na mimi nikiwa chini nimekaa kwenye kiti cha marehemu, siwezi kuitikia.

Kesho yake ndege haikuwepo mezani. Dada aliipandisha mwenyewe, akaiweka chumbani kwake, pale kilipokuwa kikikaa kidau. Kahawa alinipa kama kawaida. Hata mzaha ulirudi baada ya muda, ila hakuwa tena akinitania juu ya ndege.

Mimi nikaanza kumletea wanja. Nilileta wa kutoka Lamu uliosifiwa na mteja wangu. Nilileta mwingine kutoka kwa mfanyabiashara wa Kihindi jirani yangu, uliochanganywa na samli. Wa tatu sikumbuki ulitoka wapi. Kila mara alisema ahsante, akauweka kabatini, na nilipochungulia siku nyingine niliviona vichupa vyote vimepangwa, vizibo havijafunguliwa. Macho yake yalibaki matupu. Alikwenda harusini hivyo, alikwenda Iddi hivyo, na wanawake wakasema bado yu na huzuni. Nilimwagiza mtu aliyekwenda Umra aniletee jiwe la wanja kutoka Madina.

Akaleta. Nikakaa dirishani na kinu kile kile cha shaba. Wiki tatu, kila alasiri, nilitwanga, nikachekecha kwa melimeli, nikatwanga tena uliobaki. Sikuharakisha hata siku moja. Mimi ambaye sina subira nilitafuta chenga moja moja kwa ncha ya kidole mpaka nikakosa. Unga ulipolingana na ule ninaoukumbuka, niliutia katika kidau kipya, nikapanda vile vipandio kumi na viwili.

Dada alikifungua. Alichovya kidole, akausugua unga baina ya vidole viwili kwa muda mrefu. Macho yake yalilowa, bila wanja wowote wa kuyachoma. Nilitazama pembeni, nikaiona ndege mahali pake. Vumbi la nyumba lilikuwa limeanza kulala juu ya mabawa, jembamba, na hakuwa amelifuta.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Wiki zote tatu."

Akakiziba kidau. Akanitia mkononi, akanikunja vidole juu yake kimoja kimoja, taratibu, kama anavyofanyiwa mtoto anayepewa kitu cha kupeleka mbali.

"Yatosha, kaka," akasema. "Sasa waharibu."

Nilishuka nikafunga dirisha, ingawa magharibi ilikuwa bado.